Ndugu Umbo na Gari la Mzee Schmidt

Katika filamu ya Kimarekani iitwayo About Schmidt, iliyoongozwa na Alexander Payne na kutolewa mwaka 2002, yumo mtoto wa Kitanzania ambaye hatumwoni ila kwa picha. Ana umri wa miaka sita, analelewa kijijini karibu na Mbeya, na jina lake ni Ndugu Umbo. Msomaji uliyekula chumvi kiasi changu utakuwa umekwisha kucheka. Ndugu tulikuwa tukiitana sote, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, badala ya kuitana Bwana. Umbo nalo ni umbo, yaani jinsi kitu kilivyo kwa nje. Ni jina la kamusi, si jina la kijiji. Hakuna bibi wa Mbeya aliyempakata mjukuu akamwita hivyo.

Sina nia ya kugombana na filamu kwa sababu ya jina. Filamu yenyewe ni nzuri, na nimeitazama mara tatu. Nalitaja jina kwa kuwa naona limefichua tabia ya kazi nzima: inapenda maumbo, na haipendi kufungua kilichomo ndani. Hivyo ndivyo ilivyomfanyia mtoto, na hivyo ndivyo ilivyolifanyia gari, ambalo ndilo hasa ninalotaka kulizungumzia.

Warren Schmidt, aliyeigizwa na Jack Nicholson, ni mzee wa miaka 66 wa mji wa Omaha, jimbo la Nebraska. Amestaafu kutoka kampuni ya bima, ambako kazi yake ilikuwa kukadiria watu watakufa lini. Yeye na mkewe, Helen, wamenunua gari kubwa lenye vitanda, jiko, friji, choo na bafu, ambalo mwenyewe huliendesha mchana na kulala humo usiku. Kiswahili bado hakijalipa gari la namna hiyo jina lililotulia. Mimi nitaliita gari-nyumba. La kwao ni Winnebago Adventurer, lina urefu wa futi 35, nalo ni jipya. Asubuhi ya kwanza baada ya kustaafu, Helen anamwandalia mumewe kifungua kinywa humo, gari likiwa limeegeshwa pale pale nyumbani. Haukupita muda mrefu, Helen anaanguka na kufa katikati ya kazi za nyumbani. Mzee anabaki na gari, na mtoto wa Mbeya anayemtumia dola 22 kwa mwezi kupitia shirika la misaada. Anamwandikia barua ndefu, ambazo mtoto hawezi kuzisoma, kisha anaingia barabarani kwenda Denver kuizuia ndoa ya binti yake.

Mwanzo wa filamu mstaafu yeyote utamkaba koo. Schmidt ameketi ofisini, makabrasha yamefungwa katika maboksi, macho yake yako kwenye saa ya ukutani akingoja mshale ufike saa kumi na moja jioni. Hakuna neno linalosemwa. Mimi nilikabidhi funguo za ofisi ya mkuu wa chuo siku ya Ijumaa, na nawahakikishia kwamba saa ya ukutani siku hiyo hutembea kwa namna yake.

Lakini gari! Tulipokuwa tukifundisha uhakiki vyuoni tulizoea kuwauliza wanachuo: kifaa hiki kimewekwa humu ili kifanye kazi gani? Gari la Schmidt halifanyi kazi yoyote zaidi ya kuwa kubwa na tupu. Linawaka kila anapotaka liwake. Halivuji, halinuki, halili mafuta, wala halimdai kitu. Mzee anafika Holdrege, alikozaliwa, anakuta mahali ilipokuwa nyumba yao pamejengwa duka la matairi. Anaingia, anazungumza na kijana wa dukani habari za utoto wake, anatoka. Najua wahakiki wengine wataisifu kejeli hiyo, na ni kejeli nzuri. Mimi nilibaki kungoja jambo moja dogo: kwamba mtu mwenye gari la uzito ule nje, akiwa katikati ya safari ndefu, amesimama ndani ya duka la matairi, angalau ataulizia bei. Haulizii.

Kuna na onyesho lile la usiku, ambalo wengi hulikumbuka. Schmidt anapanda juu ya paa la gari, anawasha mishumaa, anatazama nyota, na anaomba msamaha kwa marehemu mkewe. Ni onyesho zuri na Nicholson ameliigiza kwa utulivu mkubwa. Walakini mtu aliyenunua gari-nyumba kuukuu kwa fedha zake za mwisho hapandi juu ya paa kutazama nyota. Anapanda kutafuta mahali maji yanapoingilia.

Riwaya ya Louis Begley ya mwaka 1996, iliyoipa filamu jina lake, haina gari-nyumba wala haina Ndugu. Schmidt wa kitabuni ni mwanasheria mwenye uwezo wa upande wa New York. Gari na mtoto wameongezwa na watengenezaji wa filamu, kwa hiyo wote wawili wameingia kwa mlango mmoja. Sishangai kwamba wamepewa kazi moja: kumliza mzee wakati unaofaa, bila wao wenyewe kuhitaji chochote ila picha na rangi.

Nimelivalia njuga jambo hili kwa sababu limenigusa nyumbani. Binti yangu anaishi Minnesota na mumewe, yapata miaka ishirini sasa. Wanatafuta gari-nyumba, la kwanza katika maisha yao, na kwa kuwa jipya lina bei ya nyumba, wanatafuta lililotumika, la miaka ya 1990. Alinitumia filamu hii pamoja na kitabu kiitwacho Nomadland, akaandika: "Baba, wewe ndiwe uliyekuwa ukikagua lori la chuo. Tazama, soma, kisha utuambie." Kweli chuo chetu kilikuwa na lori aina ya Bedford lililowazidi umri baadhi ya wakufunzi, nami nikilijua kwa kila kikohozi chake. Lakini mwisho wa barua yake kulikuwa na sentensi iliyoandikwa kwa wepesi, kama vile haina uzito: kwamba ikibidi, wataishi humo uzeeni, maana kodi za nyumba huko hazishikiki. Sentensi hiyo niliisoma mara nyingi kuliko kitabu.

Nianze na vyuma, kwa kuwa maudhui ya kitabu hiki yamo ndani ya vyuma. Gari-nyumba la miaka thelathini si gari moja. Ni gari na nyumba vilivyofunganishwa, na kila kimoja kinazeeka kwa njia yake. Mnunuzi mgeni hukimbilia injini, kama sisi tunavyokimbilia injini tunaponunua gari lililotoka Japani, na mara nyingi injini ndiyo yenye afya kuliko vyote. Mengi ya magari hayo yamejengwa juu ya chasisi za Ford au Chevrolet, ambazo fundi wa kawaida anazielewa. Adui ni maji ya mvua. Paa lina matundu mengi, ya feni, ya bomba la choo, ya ngazi, na kila tundu limezibwa kwa gundi inayokauka na kupasuka kwa jua. Maji yakishaingia, yanashuka ndani ya kuta ambazo mara nyingi zina mbao katikati ya karatasi mbili nyembamba. Nje gari linang'aa; ndani mbao zimekuwa kama ugali uliochacha. Utalijua kwa kubonyeza kona kwa kidole, kwa kukanyaga sakafu karibu na choo uone kama inadidimia, na kwa kunusa. Ukikuta mwenyewe ametundika manukato kila pembe, jihadhari, kwani kibaya chajitembeza.

Halafu kuna matairi, na hapo ndipo udanganyifu ulipo, hata bila mwuzaji kukusudia. Gari-nyumba hukaa limeegeshwa miezi kumi na kutembea miwili. Kashata za tairi zinabaki nene kama za jana, ilhali mpira wenyewe umezeeka na kupasuka ubavuni. Pembeni mwa tairi kuna namba nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2217 lilitengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2017. Ndiyo maana sisifii gari la zamani lililotembea maili chache. Wauzaji hulitaja hilo kama sifa ya bibi harusi, lakini gari lililokaa limeoza taratibu: breki zimeshika kutu, mpira wa mabomba umekauka, jenereta imeziba, na kama mwenyewe hakutoa maji mabombani kabla ya baridi kali ya huko, barafu imeyapasua.

Sasa turudi kwenye Nomadland, kilichochapishwa mwaka 2017. Mwandishi wake, Jessica Bruder, ni mwandishi wa habari aliyewafuata kwa miaka mitatu wazee wa Kimarekani waliohamia ndani ya magari baada ya nyumba na akiba zao kupotea katika msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008. Mhusika wake mkuu ni mtu halisi, Linda May, bibi aliyefanya kazi karibu zote ambazo mwanamke asiye na cheo aweza kufanya, akafika uzeeni na pensheni isiyotosha kodi ya pango. Alikuwa akilala kwenye kochi nyumbani kwa binti yake, nyumba imejaa. Ndipo akatafuta gari-nyumba.

Kurasa za ununuzi huo ni fupi, na mimi naziona kuwa ndizo bora katika kitabu. Ni Eldorado la mwaka 1994, bei yake dola elfu nne na ushei, kwa sababu lilikuwa na madhara. Matairi yamekwisha, jenereta imekufa, mabomba ya gesi yanavuja. Bruder anayataja hayo bila kulia na bila kufanya mzaha. Kutokana na orodha hiyo kavu nilimfahamu Linda May kuliko nilivyomfahamu Schmidt kwa saa mbili za kilio chake. Nilijua ana fedha kiasi gani, ana ujasiri kiasi gani, na ni mambo gani amekubali kuyahofia. Mabomba ya gesi yanayovuja ndani ya chumba cha kulala si tamathali ya usemi. Ama utayaziba au utakufa usingizini. Bibi wa zaidi ya miaka sitini anapoamua kuanza na hayo kabla ya pazia, tabia yake imekwisha kuchorwa.

Tena Bruder analifuata gari baada ya kununuliwa, jambo ambalo watunzi wengi hawana subira nalo. Linda May anaajiriwa kutunza kambi za watalii milimani, anafanya kazi katika ghala la Amazon huko Nevada wakati wa pilikapilika za kabla ya Krismasi, ambako wazee wa magari-nyumba walitembea juu ya saruji kutwa nzima na dawa za maumivu zikitolewa bure kutoka vyombo vya ukutani. Baadaye analiacha lile Eldorado na kuhamia katika kijumba kidogo cha kuvutwa, cha mwaka 1974, alichokipa jina la utani Squeeze Inn, maana huingii bila kujibana. Msomaji anaona kwamba kila hatua ya maisha ya mwanamke huyu ina chombo chake, na kila chombo kina gharama zake za mafuta, za tairi na za mahali pa kuegesha.

Kitabu hakikosi kasoro. Bruder mwenyewe alinunua gari kuukuu, GMC la mwaka 1995, ili aishi kama wao, na sura anazojisimulia hazina nguvu. Yeye ana chumba cha kurudia, naye anajua kwamba anacho. Lawama yangu kubwa ni nyingine. Anatuambia gari lilikuwa na ubovu gani, lakini anapita haraka mno juu ya namna bibi huyu alivyoutambua ubovu huo na alivyoamua kwamba huu unavumilika na ule hauvumiliki. Mwalimu angetaka aone kazi ya hesabu, si jibu tu. Kati ya orodha ya maradhi na malipo kulikuwa na siku chache za kufikiri, na ndani ya siku hizo ndimo inamokaa hadithi ya kila mnunuzi maskini duniani.

Nasema duniani kwa makusudi. Hapa kwetu mwalimu akipata kiinua mgongo, haupiti mwezi dalali atabisha hodi. Humwuzii mstaafu wa Kitanzania gari la kulala. Unamwuzia Hiace ya abiria. Mkufunzi mwenzangu, mtu mwangalifu aliyesahihisha madaftari kwa wino wa rangi mbili, alinunua iliyopakwa rangi mpya mpaka chini ya milango. Rangi mpya chini ya milango ina maana moja tu. Ndani ya miezi minane ilikuwa imesimama kwenye mawe nyuma ya nyumba yake, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Marehemu hakupenda izungumziwe. Nilipofika kwenye Eldorado la Linda May nilimwona yeye, nikaona pia tofauti: Mmarekani yule aliambiwa ubovu kwa bei, mwenzangu alifichwa ubovu kwa rangi. Mmoja alinunua gari bovu. Mwingine aliuziwa mbuzi ndani ya gunia.

Katika majibu yangu kwa binti yangu niliweka yote haya, kona za kubonyeza na namba za matairi, nikamsihi aende siku ya mvua, akiri kwamba yeye ni mgeni wa kazi hiyo, na amlipe fundi asiyemjua mwuzaji alale chini ya gari hilo kabla noti moja haijahesabiwa. Niliandika pia kwamba gharama za matairi yote na za paa zihesabiwe ndani ya bei, si baada yake, na kwamba akute jiko, friji na jenereta vikiwa baridi, kisha mwenyewe aviwashe mbele yake. Kuhusu ile sentensi ya uzeeni, niliandika ukurasa, nikauchana, nikaandika kwamba chumba chake hapa kina kitanda na dirisha la upande wa mlima. Hajajibu hilo. Amejibu habari za matairi.

Nisingetenda haki nisipoitaja filamu ya Nomadland, ya Chloé Zhao, iliyotoka mwaka 2020 na kutwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Wengi wameijua hadithi kwa njia hiyo. Zhao amembuni mjane aitwaye Fern, aliyeigizwa na Frances McDormand, kutoka mji wa Empire huko Nevada, uliokufa kiwanda chake kilipofungwa mwaka 2011. Linda May na wenzake wanaigiza nafsi zao wenyewe. Gari la Fern ni dogo, la mizigo, amelifanyia makabati kwa mikono yake. Filamu imelegeza pale kitabu kilipokaza. Ghala la Amazon limekuwa mahali pa kupata marafiki, na machweo ni mengi mno. Kila tatizo likikaribia, jua linazama. Hilo ni kosa la aina ile ile ya Schmidt na mishumaa yake.

Hata hivyo Zhao ameingia chini ya gari mara mbili, nami nampa alama zake. Mara ya kwanza tairi la Fern limetoka pumzi na hana la akiba. Mzee mwenzake anamkaripia, anamwambia wazi kwamba huku nyikani mtu hufa kwa uzembe wa namna hii. Nilipenda ukali ule. Ni ukali wa mtu anayekutakia uzima.

Mara ya pili gari limekufa na amelipeleka gereji. Fundi ni mtu wa heshima, hana hila. Anamweleza kwamba matengenezo ni dola elfu mbili na ushei, na kwamba kwa umri wa gari lile na maili lilizotembea, afadhali aliuze na kuiweka fedha hiyo kwenye jingine. Ushauri huo ndio ningempa mtu yeyote mimi mwenyewe, na ndio niliompa marehemu mwenzangu siku tulipoizunguka ile Hiace. Fern anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anaeleza kwamba haiwezekani, kwa sababu anaishi humo ndani. Fundi hana la kusema; karatasi yake ya hesabu haina mstari wa kuandikia jambo hilo. Fern anamwomba dada yake fedha, gari linatengenezwa, naye anarudi barabarani na injini ile ile.